Siku Niliyoeleza Macho ya Kondoo Ukweni

Aibu hii afadhali niiseme mwenyewe, maana waliokuwepo kila wakiisimulia wananiongezea matope.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia, na kinachonishinda duniani ni kunyamaza. Siku tuliyopeleka mahari kwa kina Kendi, mchumba wangu, kule Kianjai, baba mdogo aliyekuwa msemaji wetu alinionya langoni: "Leo wewe ni wa kushika kamba ya kondoo tu. Wazee ndio wataongea. Ukiharibu, tunarudi bila bibi." Nikaizungusha kamba mkononi mara tatu (eti kwa usalama).

Tulipokuwa tukingoja kando ya mfereji wa maji, mama yake Kendi akaja kumkagua kondoo dume wetu. "Huyu anaonanga pande zote," akasema. "Mbona macho haiko mbele kama ya paka?"

Jamani, ningefanyaje? Nikamweleza kwamba anayewindwa huhitaji kuona kila upande, karibu hadi nyuma, na anayewinda hutazama kitu kimoja kwa macho yote mawili apime umbali kabla ya kuruka. Baba mdogo akakohoa. Mama akaelekeza kidole kwenye shamba lake la mahindi ng'ambo.

"Sasa ile tumbili inakulanga mahindi yangu, na macho iko mbele, hiyo inawindanga nani?"

Swali tamu hivyo hata darasani sijawahi kuulizwa! Nikasema labda ni kwa sababu ya kuruka matawini (wataalamu wenyewe bado wanabishana), tumbili akikosea umbali anaanguka, na sisi watu tuna macho ya aina hiyo hiyo. "Tazama, mama," nikasema, nikauruka mfereji.

Umbali niliupima sawa kabisa. Nilichosahau ni kondoo, ambaye jicho lake la pembeni liliniona nikiruka, akadhani anawindwa, akachomoka upande wake nikiwa bado hewani, kamba ikanivuta, nikatua majini kwa tumbo, nikakokotwa hadi kwenye mahindi na shati jeupe la kuazima, wazee wote wako nje wanatazama na Kendi ameziba uso kwa leso. Nikajua nimemkosa.

Mama ndiye aliyemshika kondoo, kwa chumvi kidogo kiganjani. Kisha akaniinamia.

"Mwalimu, hiyo tumbili yangu sijawahi kuiona ikianguka."

Wazee walicheka hadi mmoja akakaa chini, na kwa kicheko hicho mahari ikapokelewa. Kendi nikampata, nikaapa kwamba ukweni sitafundisha tena.

Juzi mama aliniuliza kwa nini bundi ana macho mbele na kuku hana. Nikamtazama, nikautazama mfereji, nikasema, "Sijui, mama." Ulimi uliniwasha hadi jioni.