Mvutaji Aliyedai Risiti

Siku moja ya ujana wangu haijawahi kunitoka, mwanangu, na jana ulinirudisha kwenye siku hiyo bila kujua. Ulikuja hapa umenuna kwa sababu ushuru wa sigara umepanda tena, na mwenye hoteli pale Busia amekuondoa mezani sigara ikiwaka mkononi. Ukaniambia, "Baba, pafu ni langu, pesa ni yangu. Serikali inaingiaje hapo?" Jibu langu ni refu, na wewe ulikuwa na haraka. Leo kaa.

Wakati huo nilikuwa naendesha boda boda ya baiskeli Malaba, na wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni na mama yako. Nyinyi wa pikipiki mnadhani kazi hii ilianza na nyinyi. Jina lenyewe lilizaliwa huku mpakani, kwa jasho la watu waliokuwa wakivusha abiria kutoka boda hadi boda kwa nguvu za miguu. Mpaka leo nikisikia mgeni akilitamka, natembea nimeinua kichwa.

Kando ya steji yetu alikaa Mzee Etyang, Mteso kwa kabila, fundi wa reli aliyestaafu, ambaye sasa alitutengenezea baiskeli. Alivuta sigara sana. Lakini alikuwa na utaratibu wake. Akiona mama mwenye mtoto anakuja, alihama upande ambao upepo ungepeleka moshi mbali naye. Na alinunua sigara dukani tu, zenye stempu ya ushuru, ingawa zile za magendo zilizopita njia za panya zilikuwa rahisi mno. Kila bajeti ikisomwa redioni alimlalamikia waziri kwa sauti ya kusikika hadi kwenye malori, halafu akaenda kulipa bei mpya na kupunguza idadi.

Mfanyabiashara mmoja aliwahi kuniomba nimvushie sigara za magendo chini ya kiti cha baiskeli. Kabla sijafungua mdomo, Mzee Etyang alikuwa ameshanisoma. "Wandera," aliniambia huku akiziba pancha, "mimi nikilalamika juu ya ushuru, watu wananisikiliza kwa sababu naulipa. Wewe ukianza kujificha, utalalamika kwa nani?" Nikamwambia yule bwana atafute mtu mwingine.

Sheria ya kukataza kuvuta hadharani ilipoanza kushika, walikuja askari wawili wenye sare. Ofisi iliyowatuma siitaji. Walimkuta Mzee amejitenga nyuma ya kibanda chake, peke yake, anavuta.

"Mzee, unajua umevunja sheria?" mmoja akauliza.

"Najua. Niliisikia kwa redio."

"Sasa?"

"Sasa nipelekeni kortini."

Yule wa pili akacheka. "Korti ni mbali, mzee wangu. Ongea vizuri tukuachilie."

Sote tulijua "ongea vizuri" maana yake ni nini. Mzee Etyang aliizima sigara yake taratibu, akasema, "Kama nimekosa, nitalipia kosa langu kwa serikali na nitapewa risiti. Mfukoni mwako siweki kitu."

Wakamkamata kwa mshipi wa suruali, mwanangu, mtu mwenye mvi, mbele ya kina mama wanaouza ndizi. Hakupigana. Hakutukana. Alisema tu, "Niachilieni suruali. Miguu ninayo." Akatembea mbele yao hadi kwenye gari kana kwamba wao ndio waliokuwa wakimfuata.

Baadaye tukasikia ameandikiwa mashtaka mawili. La kwanza kuvuta, na hilo lilikuwa kweli. La pili, kwamba aliwashambulia askari kwa spana. Hilo lingemtia jela, na kwa umri wake sidhani angetoka. Jioni yule askari wa pili akapita stejini akatutazama mmoja mmoja. "Atakayeonekana kortini Busia kesho," akasema, "baiskeli yake asahau."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama yako. Alikuwa anasonga ugali. Akanikumbusha kwamba baiskeli ndiyo unga wetu. Kisha akaweka mwiko chini, akasema, "Lakini usipoenda, utapitaje tena pale kwa yule mzee?"

Asubuhi nilishika barabara ya Busia peke yangu. Miguu ilikuwa mizito, na si kwa ajili ya vilima. Nilipokaribia Alupe nikasikia kengele ya baiskeli nyuma yangu, kisha nyingine. Nikageuka. Steji nzima ilikuwa inakuja, wamepangana barabarani, wengine wamevaa mashati yao ya kanisani. Hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake. Nimeona mengi katika maisha haya, nimewaona mkizaliwa na mkihitimu, lakini kifua changu hakijawahi kujaa kama kilivyojaa pale Alupe.

Hakimu alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya chini. Mzee aliposomewa mashtaka alijibu, "Kuvuta, nimevuta. Kupigana, sikupigana." Nikaitwa kutoa ushahidi. Nikasema nilichokiona, neno kwa neno, yule askari akinikodolea macho.

"Wewe unavuta sigara?" hakimu akaniuliza.

"Hapana, mheshimiwa."

"Kwa hiyo sheria hii haikuumizi. Umekuja kwa nini?"

"Kwa sababu hakupigana."

Wenzangu nao wakasema hivyo hivyo. Shtaka la spana likatupwa, na yule askari akaambiwa abaki nyuma ajieleze. Kwa kuvuta, Mzee alitozwa faini. Akailipa, akadai risiti, akaikunja vizuri. Kisha akaomba ruhusa aseme neno. "Mheshimiwa, sheria imenikataza kuvuta kati ya watu, na ni haki. Ila nimesikia inaruhusu mvutaji atengewe mahali pake. Malaba hapapo. Naomba nionyeshwe."

Hakimu alitabasamu kidogo, akamwambia hilo ni swali la kupeleka kwa wakubwa wa mji. Mzee alilipeleka, akarudi, akalipeleka tena, mpaka wakamwonyesha kona nyuma ya maegesho ya malori. Mabati tuliezeka sisi wenyewe. Baiskeli zetu hakuna aliyezigusa.

Ningeweza kuishia hapo, na wewe ungeondoka umefurahi. Lakini miaka ilipopita, Mzee Etyang alianza kukohoa. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali, amekaa nyuma yangu, akipumua kama mtu anayepanda mlima. Njiani aliniomba nisimame apumzike. Akasema, "Wandera, wale askari niliwashinda. Hii sigara haijawahi kuniruhusu nishinde hata siku moja." Hakusema kwa kujihurumia. Alisema kama fundi anayeeleza chuma kimekatikia wapi. Tulimzika kwa heshima, na baiskeli za Malaba zilitangulia mbele ya jeneza.

Basi sikiliza, mwanangu. Ukiona ushuru ni mzito, sema waziwazi, andika, piga kura, lakini lipa, ili asiwepo wa kukunyamazisha. Ukiambiwa usivute kati ya watu, toka nje bila ugomvi, kwa sababu yule aliyekaa meza ya pili naye ana pafu lake, na halikuombwa ruhusa. Mwenye sare akitaka kukuonea, simama wima ukadai haki yako mbele ya watu. Hayo yote ni uhuru, na mimi nitasimama nawe kortini hata leo. Ila usije ukaniambia uko huru wakati huwezi kumaliza chakula kabla hujatafuta kiberiti. Hapo hakuna serikali ya kulaumu. Hapo ni wewe na hicho kitu, na ningependa sana ushinde wewe.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe kifua kisichokuchosha. Akupe kazi ya kuonyesha mchana na rafiki wasiongoja kuitwa. Watoto wako wakitaja jina lako, walitaje kwa sauti. Nenda na amani.