Mkono Nyuma ya Kiti

Mchoraji yule alipomfunika mtoto kwa rangi nyepesi namna ile, je, alikuwa na haraka tu, au alitaka siku moja aonekane? Bado sijui.

Picha ilining'inia sebuleni kwa bibi kizee niliyekuwa nikimtunza mjini Rockville, Marekani. Ilikuwa ya karne ya kumi na nane: mama wa ukoo wake, gauni la buluu, kiti chenye mgongo mrefu. Bibi alikuwa amepofuka. Kila alasiri alitaka nimweleze picha hiyo upya. Alipojua kwamba nilisomea historia ya sanaa kabla ya kuja huku kuogesha wazee, aliniomba niandike maisha ya mchoraji, kwa kuwa picha ingepelekwa kwenye jumba la makumbusho pamoja na maelezo yangu.

Niliandika niliyoyapata. Alikuwa mtoto wa mtengeneza matandiko ya farasi, akajifundisha mwenyewe kuchora. Majira ya baridi alijifungia akichora magauni na makoti yasiyo na vichwa. Barabara zilipokauka alizunguka mashamba ya tumbaku upande wa Upper Marlboro, akiongeza nyuso. Matajiri wengi wa huko walipita mikononi mwake. Yeye mwenyewe hakuna aliyemchora.

Habari za mkono sikuziandika. Rangi ya mafuta huanza kupenyeza mwanga inapozeeka, na kilichofunikwa chini yake huanza kuonekana. Nyuma ya kiti, vidole vinne vya mtoto mweusi, mtumwa bila shaka, vilishika ubao. Kwa miaka mitatu nilipangusa vumbi pale nikiangalia pembeni, nikihisi navyo vinaniangalia.

Siku moja Mkongomani aliyekuja kunipokea zamu hakumaliza hata kuvua koti.

"Dada, hii mkono ni ya nani?"

"Mkono gani?"

"Ee! Weye na masomo yako yote! Huyu mama ndiye kipofu, ao ni weye?"

Nilicheka. Ndani ya basi kicheko kilinikauka. Bibi aliniita macho yake, na niliogopa kwamba nikiuchafua ukoo wake hataniita hivyo tena. Lakini picha ingechukuliwa wiki ile ile, na maelezo yangu yangemfunika mtoto mara ya pili, safari hii kwa mkono mweusi kama wake.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya chai, nilimwongoza Bibi hadi kwenye picha, nikakiinua kidole chake na kukisimamisha karibu kabisa na turubai.

"Hapa, Mama," nikamwambia, "pana mkono wa mtoto mweusi. Umekuwepo siku zote. Sikukwambia."