Aliyekaa Kwenye Ndege Yangu ya Mbao

Wewe cheka tu, maana hata mke wangu hucheka. Lakini jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nyuma ya karakana ya mjomba wangu pale Buseresere, na pombe nilikuwa sijaanza hata kuionja.

Miaka ile ya sabini nilikuwa nimemaliza shule, nasubiri kuitwa Dar es Salaam kwenye usaili wa marubani. Nilitaka urubani kuliko nilivyotaka kuoa. Rubani wa ndege ndogo ya wamisionari alikuwa amenipa kitabu chakavu chenye picha za chumba cha rubani, nikaamua kukiunda chote kwa mbao ili nifanye mazoezi. Usifikiri ulikuwa mchezo wa watoto. Vifuniko vya makopo ya maziwa vilikuwa saa za mwendo na kimo, mishale yake nikaikata kwa bati. Usukani niliufunga waya wa breki za baiskeli, na chini nikaweka pedali mbili za kugeuzia mkia. Kila siku nilikaa humo nikijirusha kutoka Mwanza hadi Tabora bila kutoka uani.

Kasoro ilikuwa moja, pedali zilikuwa mbali. Mimi ni mfupi, ilibidi niweke mto mgongoni ndipo nizifikie. Vipimo nilivichukua kwa ufito mmoja mnyoofu nilioukuta umeegemea ukuta wa karakana, kwa kuwa siku hiyo mjomba alikuwa ameondoka na futi yake. Nusu ya ufito ikawa umbali wa kiti na pedali, na alama iliyochongwa juu yake ikawa upana wa kiti. Nani angejisumbua kuulizia ufito?

Basi siku moja watu wote wa nyumbani walikuwa shambani wakichuma pamba. Narudi kutoka kisimani, namkuta mwanamume amekaa ndani ya ndege yangu. Mtu mrefu, shati la kaki, ameinama anapapasa upande wa kushoto kama aliyeangusha ufunguo. Nikamsalimu kwa Kisukuma, mwadila, akanyamaza. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba vizuri kabisa, nikajua si mtu wa huku. Kilichonishangaza ni miguu yake. Ilizifikia pedali sawasawa, na mabega yake yalienea pale kitini bila kubaki nafasi.

"Gia umeiweka wapi?" akaniuliza.

Nikamweleza kwamba hii ni ndege, tena ya mbao, haina gia. Akanitazama kwa huzuni mpaka nikaona aibu, utadhani mimi ndiye nisiyeelewa. Akakanyaga pedali ya kushoto hadi chini, akapeleka mkono wa kushoto hewani na kuusukuma mbele. Niamini, nikasikia injini ya lori ikibadili mngurumo. Lori gani? Barabarani hakukuwa na kitu.

"Ndege mimi siijui," akasema. "Kwetu Manyoni. Mama hajui niliko."

Ndipo nikaona viganja vyake. Ngozi yote ilikuwa imeungua, wala havikutoa damu. Nikatupa ndoo, nikakimbia.

Niliporudi na mjomba, kiti kilikuwa kitupu. Mjomba hakukitazama. Aliutazama ule ufito ukutani, akakaa chini. Yeye ndiye aliyekuwa akitengeneza majeneza ya kijiji. Kwetu maiti hupimwa kwa ufito, na ufito ule huzikwa pamoja naye, haurudi nyumbani. Wiki chache kabla, lori liliungua barabara ya Biharamulo pamoja na karatasi zote za dereva. Dereva mwenyewe alifia zahanati bila kusema neno, wanakijiji wakamzika bila jina. Mvua ilishuka kaburini, watu wakatawanyika, ufito ukasahaulika karakana. Jioni ile tuliufukia alipolala, tukadhani yamekwisha.

Dar walitupima kwenye chumba cha mazoezi kisichoruka, chenye saa za kweli. Kila kitu nilikijua kilipo. Lakini kila nilipoambiwa nipunguze mwendo, mguu wangu wa kushoto ulikanyaga hadi chini, na mkono wa kushoto ukaachia usukani, ukapapasa hewani. Mwalimu aliniuliza nimeendesha malori kwa miaka mingapi. Mimi, ambaye sikuwahi kushika usukani wa gari! Nililia ndani ya treni hadi Isaka.

Sasa mimi ni dereva wa lori. Hakuna aliyenifundisha. Pale Isaka nilikuta lori lililokosa dereva, nikapanda, nikawasha, nikaliondoa. Nani aliyeliondoa, mimi au yeye? Mpaka leo sijui. Mara kwa mara mzigo hunipeleka Manyoni, na nikisimama, akina mama wazee huja dirishani, wengine kuuza karanga, wengine kunitazama usoni tu kisha wakaondoka. Roho huniuma sana. Kaburi nalijua lilipo, kwao nakujua, ila mama yake ni yupi? Nikimwambia asiye yeye, nitakuwa nimemzikia mtoto aliye hai.

Basi wewe unayecheka, ukimkuta mgeni wa namna ile amekalia kiti chako, tetemeka, piga kelele, jikojolee ukipenda. Lakini kabla hujakimbia, muulize anaitwa nani.