Mwavuli Juu ya Tabernakulo

Ukimwuliza Bibi Taa ana miaka mingapi, atakujibu kanisa lina miaka mingapi, na wala hatakuwa amekwepa swali. Mama yake alibeba maji ya kukandia udongo wa matofali yale akiwa na mimba yake. Baba yake ndiye aliyechoma tanuri la kwanza. Hata leo ukisimama kwenye mlango wa sakristia, kile chumba cha nyuma wanamovalia mapadre, utaona tofali moja lenye alama ya kidole gumba. Ni cha baba yake. Bibi hulitia gumba lake pale kila akipita, kisha huendelea na kazi.

Kanisa lenyewe ni dogo, mtu mwenye sauti nzuri hahitaji kipaza sauti. Lilijengwa na padre mgeni ambaye watu walimwita Padre Ndevu, aliyefika kwa miguu na masanduku manne, yote juu ya vichwa vya watu wengine. Ndani ya sanduku moja mlikuwa na tabernakulo, kisanduku cha shaba cha kuhifadhia Ekaristi, mwili wa Bwana. Padre Ndevu alikipachika ukutani nyuma ya altare, meza ya Misa, kwa saruji na misumari mirefu, akatundika taa nyekundu kando yake, akawaambia watu: maadamu Bwana yumo, taa hii haizimwi, usiku wala mchana. Ikizimwa, jueni hayumo. Hilo kila Mkatoliki analijua, hata yule anayeonekana kanisani kwenye mazishi tu. Na ndiyo maana watu wakiingia hupiga goti hadi chini. Kama hayumo, mtu huiinamia altare kidogo, basi, akakae.

Enzi zake, misheni ile ilikuwa misheni kweli. Mapadre wawili, masista wanne, shule, zahanati, na kengele iliyosikika hadi mtoni. Kisha serikali ikajenga lami ng'ambo ya bonde, kilomita kumi na mbili, na misheni nzima ikaota miguu. Masista walitangulia, zahanati ikafuata, na padre wa mwisho akaondoka na godoro lake juu ya gari. Kule kwenye lami likajengwa kanisa kubwa la vioo, likaitwa parokia, na hili la zamani likafanywa kigango chake, tawi dogo lisilo na padre. Mama mtu akawa mjakazi nyumbani kwa binti yake! Misa ikawa mara moja kwa miezi miwili, na mvua ikinyesha, hata hiyo haipo, watu husali ibada tu bila padre.

Aliyebaki kuiangalia taa alikuwa katekista, mwalimu wa dini, mume wa bibi. Alipougua, watoto wa ndugu zake walikaa kitandani wakisubiri maneno ya hekima. Mzee akafumbua jicho moja, akamwambia mkewe, "Mafuta yako nyuma ya mlango." Akafa. Bibi alilia, akazika, na jioni ileile akaenda nyuma ya mlango akayachukua mafuta. Hiyo ni miaka kumi na moja sasa, na jina la Bibi Taa alilipata hapo.

Taa ile haikupata hata siku moja mafuta ya ovyo. Mafuta ya taa yanatoa masizi, alisema, na hawezi kumfukizia Bwana moshi kama anafukuza nyuki. Basi aliitilia mafuta ya kupikia, mafuta yake mwenyewe, na mboga zake akazichemsha kwa chumvi tu. Kila saa kumi na moja jioni alifungua kanisa, akapiga goti kwa kushikilia benchi, akaongeza mafuta, akakaa mbele na kuanza kuongea. Kusali alisali, lakini zaidi aliongea. Alimweleza Bwana habari za mguu wake wa kushoto, mbuzi wa jirani aliyekula mche wake wa mpapai, na mwanawe wa mjini. Mchana akiona jambo la kuchekesha, alilitunza hadi saa kumi na moja. Hakuwa na mtu mwingine wa kumhadithia, na ukweli ni kwamba hakumtafuta.

Huyo mwana wa mjini ndiye mtoto wake pekee. Alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada, bila kukosa, mgala muue na haki yake mpe.

"Mama, njoo ukae na sisi. Chumba kipo. Unafanya nini huko peke yako?"

"Peke yangu? Na nikija huko, nani atamwangalia Bwana?"

Hapo mwanawe hushusha pumzi ndefu upande wa pili. Bibi huichukulia kuwa ni huzuni ya mtoto anayemkosa mama yake, na moyo humpasuka.

"Haya, Mama. Tutaongea."

Mwaka huu, mwanzoni, macho ya bibi yalitiwa ukungu, akalazwa hospitali wiki moja kwa upasuaji. Taa alimwachia jirani yake, mama mtu mzima, mwenye akili zake. Aliporudi, kabla hajaweka mfuko chini, alipitia kanisani. Taa ilikuwa imezimwa! Lo, siku hiyo jirani alikiona kilichomtoa kanga manyoya.

"Siku saba tu! Nimekuachia siku saba, umemwacha Bwana gizani! Mafuta yalikuishia, au ulikuwa unakaangia maandazi?"

Jirani alifungua mdomo, akaufunga. Mwenyekiti wa kigango, ambaye ni fundi cherehani, alikuwepo. Alikohoa, akaangalia viatu vyake. Bibi akawasha taa, akaomba msamaha kwa niaba ya wote, yakaisha.

Jumapili iliyofuata aliona jambo jingine. Watu walikuwa wakiingia kanisani na kuinamisha vichwa tu, kisha wakaketi. Hata mwenyekiti! Bibi hakungoja ibada iishe.

"Mwenyekiti, goti lako limeota kutu? Au unaogopa kuichafua suruali, na umeishona mwenyewe?"

Wengine walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Alirudi mlangoni, akaja tena, akapiga goti hadi chini, uso umemshuka. Tangu siku hiyo kila mtu alipiga goti, na bibi akajisifu moyoni kwamba bado ana nguvu ya kunyoosha kigango.

Miezi saba ikapita hivyo, bila padre kufika hata mara moja: mara mvua, mara gari bovu. Kisha, Alhamisi moja saa nane mchana, upepo ukaja kabla ya mvua, ukang'oa mabati mawili juu ya altare na kuyatupa kwenye mihogo. Bibi alikuwa anafua vitambaa vya altare kwake. Alipofika mbio, mbio zake za mguu mmoja na nusu, maji yalikuwa yanamiminika moja kwa moja juu ya tabernakulo.

Ufunguo wake anao padre, basi alijaribu kuking'oa kile kisanduku. Wapi! Padre Ndevu hakukipachika ili kiondoke. Akavua kanga yake ya juu akakifunika. Ikalowa papo hapo. Ndipo alipopanda kwenye kiti cha padre, miaka yake yote ile, akafungua mwavuli aliokuja nao na kuunyoosha juu ya kisanduku. Maji yakawa yanamwangukia yeye kichwani na mgongoni. Mkono wa kulia uliposhikwa na ganzi aliuhamishia wa kushoto. Taa ilikuwa chini ya ukingo wa mwavuli, haikuzimika.

"Vumilia, Bwana," alimwambia. "Na mimi nalowa, hauko peke yako."

Alisimama hivyo, kwa kukisia, saa nzima na zaidi. Meno yakawa yanagongana. Akafungua fundo la kanga kiunoni kwa mkono mmoja, akatoa simu, akampigia padre wa parokia, kijana wa umri wa mjukuu wake kama angekuwa na mjukuu mkubwa. Mara ya kwanza haikupokelewa, wala ya pili. Ya tatu ikapokelewa.

"Baba, paa limeondoka! Maji yanamwagikia Bwana! Nimemkinga na mwavuli lakini mikono imechoka. Njoo umchukue, haraka!"

"Mama, Mama, tulia. Uko wapi?"

"Juu ya kiti chako!"

"Shuka, utaanguka. Nenda nyumbani ukabadilishe nguo, utaugua bure. Mle ndani hamna kitu."

"Hamna kitu gani?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati yaliyobaki, bibi akabana simu sikioni kwa nguvu.

"Ekaristi niliitoa, Mama. Ile wiki uliyokuwa hospitali. Misa haisomwi hapo mara za kutosha, na sheria ya Kanisa hairuhusu iachwe hivyo. Niliwatangazia watu, nikaizima taa mwenyewe. Nilimwambia mwenyekiti, Mama akirudi, mwambie. Hakukwambia?"

Bibi alishuka kwenye kiti taratibu, mguu mzima kwanza. Akaufunga mwavuli. Maji yakarudi kukipiga kile kisanduku cha shaba, yakatoa mlio ambao hakuwa ameusikia hapo awali, mlio wa debe tupu. Aliisogelea taa akaipuliza. Haikuzimika mara ya kwanza, akapuliza tena.

Hebu fikiria. Watu wote walijua. Jirani aliyetukanwa alijua, akameza matusi. Mwenyekiti alijua, akapiga goti mbele ya kisanduku kitupu ili bibi anyamaze. Kila mmoja alimwonea huruma, na kila mmoja akangoja mwenzake amfunge paka kengele. Kwa nia njema kabisa, kigango kizima kilimwacha mama wa watu ale mboga za chumvi miezi saba.

Kesho yake padre alifika, gari limejaa tope, na mwenyekiti nyuma yake, kofia mkononi. Walimkuta bibi ameketi barazani kwake na blanketi mabegani.

"Mama, kosa ni langu," alisema padre. "Nilipaswa kuja mwenyewe."

"Kosa ni langu," alisema mwenyekiti. "Nilikuja mara tatu nikuambie. Kila nikifika nakukuta unakamua chupa ya mafuta, tone la mwisho. Ulimi unaniganda."

Bibi aliwaangalia wote wawili. "Miezi saba, kila jioni. Nilikuwa naongea na nani?"

Padre alisogea karibu, akachuchumaa. "Mama, Mungu yuko kila mahali. Alikusikia kila neno, hata—"

"Baba, hilo nilifundishwa kabla hujazaliwa. Sijauliza Mungu alikuwa wapi." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nauliza ninyi mlikuwa wapi. Kama mlijua niko mle peke yangu, hata mmoja hakuona vema aje akae nami?"

Kuhusu Ekaristi kurudishwa, padre alisema ataliangalia jambo hilo. Bibi alikuwa ameishi na mapadre maisha yake yote, alijua kuangalia huko kuna mwisho gani.

Jumamosi wanaume walikuja bila kuitwa wakayarudisha mabati. Jirani alileta chakula chenye mafuta mengi, hadi yanaelea. Walikuwa wema kupita kiasi, wanamsemesha polepole kama mtu aliyefiwa, na jua lilipoanza kushuka wote wakakumbuka nyumba zao.

Jumapili, baada ya ibada, simu ililia.

"Mama, njoo basi ukae na sisi," alisema mwanawe. "Chumba kipo. Unafanya nini huko peke yako?"

Bibi alikuwa amelala na jibu la swali hilo siku tatu. Mfuko wake ulikuwa tayari kitandani: kanga mbili, rozari, picha ya marehemu.

"Kweli, mwanangu. Nimebaki peke yangu. Nakuja."

Upande wa pili bibi akasikia sauti ya mkwewe ikiuliza kuna nini, kisha mlango ukifungwa.

"Unakuja... lini, Mama?"

"Hata kesho."

"Sawa. Sawa kabisa. Ila, unajua, kile chumba, watoto wamekua, wamekihamia. Na mke wangu... siyo kwamba hataki. Ngoja tujipange, Mama. Labda mwakani tutakuwa tumepata nyumba kubwa kidogo, halafu..."

Alikuwa akihangaika, maneno yanagongana, mtu mzima na mvi zake. Bibi alimsikiliza kidogo, akamhurumia. Akacheka, kicheko cha sauti, cha kusikika mjini.

"Wewe nawe! Utani huujui siku hizi? Mimi nije huko, nani atamwangalia Bwana?"

Mwanawe alishusha pumzi ndefu, ileile ya kila Jumapili, na safari hii bibi aliisikia vizuri.

"Haya, Mama," alisema, sauti imerudi kuwa changamfu. "Tutaongea."

Bibi alifunga simu kwenye fundo la kanga. Akautoa mfuko kitandani, akarudisha kila kitu mahali pake, picha ya marehemu ukutani. Saa kumi na moja ilipofika alichukua ufunguo akaenda kanisani, kwa sababu alikuwa ameshamwambia mwanawe kwamba anamwangalia Bwana. Aliinamia altare kidogo, hakupiga goti. Akakaa benchi la mbele, mikono mapajani. Siku hiyo alikuwa na mengi ya kuhadithia.