Pombe Iliyomwagwa Nje ya Ukuta

Jumanne nilipigiwa simu kwamba mzee wangu wa kule Zuzu hatunaye tena. Wasomaji wa siku nyingi mtamkumbuka: ndiye yule Mgogo niliyemwandika hapa kuwa hakuna jambo lililomshinda kulizoea. Nilimsifu sana kwa hilo, na leo ndilo linaloniliza.

Alikuwa na haja moja tu: azikwe ubavuni mwa baba yake, shambani kwao. Mji ukawafikia, shamba likapimwa viwanja, kaburi likaangukia katika kiwanja cha mtu mwingine. Kila mwaka kabla ya mvua mzee alikwenda kutambika, akafagia kaburi na kumwaga pombe ya mtama. Mwanzoni mwenye nyumba alimfungulia. Baadaye ukapanda ukuta, getini akawekwa mlinzi asiyemjua. Siku mlinzi huyo alipomzuia, nilikuwa nimemsindikiza. Hakugomba, aliinamisha kibuyu, akamwaga pombe chini ya ukuta, kwa nje. Nikamwuliza kwa hasira, "Mzee wangu, hii si dharau?" Akacheka. "Mwanangu, babu alihama kwa njaa, baba akahamishiwa hapa kwa amri. Sisi tunazoea. Wazee watakunywa hukohuko."

Ndivyo historia ya nyanda hizi ilivyokwenda. Njaa ilikuja, tukala mizizi. Misafara ikapita, tukaiuzia maji. Amri zikaja, tukabeba mizigo. Tunaambiwa huo ni ujasiri. Ujasiri gani, jamani? Mwenye nguvu anaijua tabia hiyohiyo ya binadamu: ukimpokonya kitu leo, kesho atatafuta namna ya kuishi bila hicho kitu. Mazoea yana taabu, na taabu yenyewe ndiyo hii.

Mzee alipofariki, wanawe walikwenda kumwomba mwenye nyumba wamzike humo. Wakakuta kaburi limesawazishwa, pametandazwa vitofali vya kuegeshea magari. Basi tukamzika makaburi ya mjini. Udongo ulipokwisha kurudishwa, mjane alimwuliza msimamizi kama pale pembeni pataachwa kwa ajili yake.

"Hapana, mama. Hapa tunazika kwa foleni. Hapo atalala atakayetangulia."

Nilitamani apige kelele, hata moja tu. Alijifunga kanga vizuri.

"Haya, baba," akasema. "Popote tu."

Sitausifu tena uvumilivu wetu. Anayezoea kila kitu huachiwa pumzi tu, na zikikatika, hata kaburi si lake.