Alama za Bi Mkasi

Bi Mkasi alishona nguo za watu miaka arobaini, na jina hilo alipewa kwa sababu ya ulimi kuliko kazi. Kiharusi kilipomlegeza upande wa kushoto, ulimi kiliuacha mzima.

Akalazwa wodi ya mazoezi ya viungo wiki sita. Kila Jumatatu muuguzi alikuja na fomu: kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kupanda ngazi. Alama zikijumlishwa, kompyuta ilitabiri mgonjwa akitoka ataelekea wapi, nyumbani au makao ya wazee.

"Bibi, vaa hili gauni nikuone."

Aliligeuza ndani nje. Mshono ulikwenda upogo. "Aliyeshona hiki kitu alikuwa amesinzia. Mimi gunia sivai."

Muuguzi akaandika: hawezi kuvaa.

Bi Mkasi aliyaona, akamrudishia gauni. Kujieleza kwa mtu wa namna ile aliona ni kujishusha. Ngazi, hata hivyo, zilimshinda kweli.

Siku ya kikao cha kuamua aende wapi, mwanawe alikuja na tai shingoni. Daktari alipotaja makao, jamaa akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo.

"Mama, si mimi. Kompyuta ndiyo imesema."

Bi Mkasi alimpima kuanzia viatu hadi tai. Huyu ndiye mtoto aliyesomeshwa kwa sindano yake! Hata kumfukuza mama yake, lazima atumwe na mashine.

"Daktari, fomu yako imeuliza nyumba ni ya nani?"

"Hapana, bibi."

"Ni yangu. Huyu na mkewe wamo humo mwaka wa tisa, bomba linavuja wanalitazama. Imeuliza kama nina mdogo wangu, mjane, anayetaka kuja kukaa nami?"

"Haikuuliza."

"Basi imetabiri nini? Hata mpiga ramli huuliza jina la mama."

Akachukua blauzi yake mwenyewe, akaivaa mbele yao kwa mkono mmoja. Jasho lilimtoka, mwanawe alitazama dirishani.

"Narudi kwangu," alisema akifunga kifungo cha mwisho. "Nitalala chumba cha chini, ngazi sizihitaji. Makao katafute wewe."

Mwana na mkewe walihama mwezi uleule. Mdogo mtu alihamia. Humsugua mgongo, hugombana naye kuhusu chumvi. Ghorofani Bi Mkasi hajapanda tena.

Jumapili mwanawe huja, hukaa ukingoni mwa kiti. Chai mama humpa. Sukari hujitilia mwenyewe.