Ngozi Mbichi Mguuni Mwangu

Muuguzi wa kliniki ya vidonda hapa Garissa ameniomba niandike jinsi nilivyokatwa mguu nikaishi, ili wale wanaokaa kwenye benchi lake wakisubiri zamu wasikate tamaa. Wengi wao ni wagonjwa wa sukari, na wanaogopa kisu. Nimewasimulia habari zangu kwa mdomo mara nyingi, na kila mara nimeacha uongo mmoja ndani yake. Leo nautoa. Anayetaka ushuhuda mtamu atafute mzee mwingine.

Kabla ya ajali nilikuwa kijana wa mbio. Nilisoma shule ya bweni Wajir, na darasani sikuwa kitu, lakini uwanjani hakuna aliyenikamata. Nilijivunia miguu yangu kuliko kitabu chochote. Na nilijivunia jambo jingine pia: siku niliyotahiriwa sikupepesa jicho. Baba yangu alilisimulia jambo hilo kwa kila mgeni aliyekunywa chai kwetu, nami nilikaa pembeni nikijifanya sisikii.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita vya shifta. Shule ilifungwa, nasi tulitaka kwenda nyumbani upande wa El Wak. Malori yalikuwa yanasafiri tu yakisindikizwa na jeshi, na kila siku tuliambiwa kesho. Tukachoka. Tulikuwa watatu: mimi, binamu yangu Yusuf, na rafiki yetu tuliyemwita Dheere, yaani mrefu, kwa sababu alikuwa mrefu kupita kiasi. Mwalimu mkuu alituandikia barua ya kuonyesha askari. Tulishona mikanda kwenye magunia, tukatia tende, majani ya chai, sukari na vibuyu vya maji, tukayabeba mgongoni na kuanza safari kwa miguu.

Kwetu mwanamume habebi mzigo mgongoni. Hiyo ni kazi ya ngamia. Mfugaji mmoja tuliyempita karibu na Tarbaj alitutazama mpaka tukaona haya, kisha akauliza kama ngamia wetu wote wamekufa au ni sisi ndio ngamia. Tulicheka naye. Miaka ile kicheko hakikupatikana kirahisi. Malisho yalikuwa yamegeuka mahali pa kupigwa risasi, na kijana aliyeonekana porini alikuwa shifta, yaani mwasi, mpaka athibitishe vinginevyo.

Mwendo wa siku moja kaskazini ya Tarbaj tulifika kwenye kilima cha mawe. Nchi yetu ni tambarare kama mkeka, kwa hiyo kilima kile tulikiita mlima, na tukaamua kupumzika hapo. Hatukuwasha moto wa chai, kwa kuogopa moshi usionekane. Tulikula tende. Dheere akasema hajawahi kuiona nchi yake kutoka juu, basi tupande.

Tukapanda. Juu kulikuwa na upepo, na tuliona mbali sana: miti ya mgunga, kundi la mbuzi, vumbi la malori ya jeshi upande wa barabara. Dheere alisimama mikono kiunoni akasema, "Yote hii, na bado wanagombana nani akae wapi." Ilikuwa saa nzuri. Naikumbuka na naichukia, kwa sababu ndiyo saa ya mwisho niliyosimama kwa miguu yangu miwili.

Wakati wa kushuka nilianza kuruka jiwe hadi jiwe, ili waone. Jiwe moja likabingirika chini yangu, mguu wa kushoto ukaingia katikati ya mawe mawili, na mwili wangu ukaendelea mbele. Nilisikia mfupa wa muundi ukivunjika. Ngozi haikupasuka, lakini mguu ulipinda mahali pasipo na kiungo, na palepale ukaanza kuvimba. Sikulia. Yusuf ndiye aliyetapika.

Dheere alitaka arudi Tarbaj kwenye kambi ya askari akaombe lori. Yusuf akamkumbusha kwamba vijana watatu kutoka kilimani, mmoja amevunjika, ni hadithi ambayo hakuna askari angeiamini, barua au si barua. Wakanibeba kwa zamu hadi kwa wenye lile kundi la mbuzi. Ilikuwa familia iliyojificha na wanyama wao ili wasisukumwe kwenye kambi za kukusanyia wafugaji. Bahati yangu, mama wa pale alikuwa fundi wa mifupa. Jina lake lilikuwa Khadija. Tulimwita eeddo, yaani shangazi, ingawa hakuwa wa ukoo wetu.

Eeddo Khadija alikuwa fundi kweli. Aliupapasa mguu kwa vidole, akamwambia Yusuf anishike mabega, akauvuta mara moja, na mfupa ukarudi mahali pake. Baadaye daktari wa Garissa alikiri kwamba yeye mwenyewe asingeunyoosha vizuri zaidi. Kisha eeddo akapanga vijiti kuuzunguka mguu, akachinja mbuzi, akazungushia ngozi mbichi juu ya vijiti na kuifunga.

Ngozi mbichi ikikauka hujikaza. Hapo ndipo penye dawa na ndipo penye hatari. Yeye alilijua hilo, na alinieleza kama anavyoelezwa mtu mzima. Alisema, "Mimi sioni ndani ya ngozi. Ukiniambia inabana, nitaifungua niifunge upya, hata mara kumi. Usipofungua mdomo, mimi ni kipofu."

Kesho yake jua lilikuwa kali. Kufikia adhuhuri ngozi ilikuwa ngumu kama ubao, na maumivu yakapita yale ya kuvunjika. Mguu ulikuwa unagonga kwa ndani, vidole vimevimba chini ya shuka, kucha zimegeuka rangi. Eeddo akaja, akaniuliza, "Inabana?"

Yusuf na Dheere walikuwa wamekaa hapo. Binti zake wawili walikuwa wakikamua mbuzi hatua chache tu. Nikasema, "Haibani."

Ningependa kuwaambia kwamba nilisema hivyo ili Dheere asiende kambini, maana alikuwa ameapa kwamba hali ikizidi atakwenda. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kiburi. Nilikuwa yule ambaye hakupepesa jicho.

Jioni aliuliza tena, akataka kuona vidole. Nilikuwa nimeshavivalisha soksi ya shule. Nikamwambia nahisi baridi, aniache nilale. Akanitazama kidogo, akaniacha. Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Niliuma kona ya shuka mpaka ikatoboka, na kila aliponiuliza nikamjibu niko salama.

Siku ya tatu maumivu yakaisha. Niliamini nimepona. Vijana walimshukuru Mungu, wakaenda kisimani kuchota maji, na mimi nikaanza kupanga safari. Sikujua kwamba mguu unaokufa huacha kuuma.

Eeddo ndiye aliyesikia harufu. Alikuja bila kuuliza, akaivuta ile soksi. Vidole vilikuwa vyeusi. Akachukua kisu, akaipasua ngozi toka juu mpaka chini, na malengelenge yakapasuka nayo, ngozi yangu ikatoka pamoja na ya mbuzi. Tulikuwa wawili tu.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini ulinificha, mwanangu?"

Nikavuta shuka nikajifunika uso.

Dheere aliporudi na kuona, hakungoja ushauri wa mtu. Alichukua barua ya mwalimu akaenda kambini peke yake, akitembea katikati ya barabara, mikono juu. Kesho yake lori la askari lilikuja na dresa wa jeshi, yaani mfunga vidonda, mtu wa bara, mpole. Dheere hakuwemo. Walimzuia wamhoji, na kuhojiwa kule kulichukua miezi minane. Alitoka bila meno ya mbele, na sikio moja halisikii. Aliponiona kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama bado ninaumwa. Nikamwambia hapana.

Safari ya lori kutoka pale mpaka Wajir, na kutoka Wajir mpaka Garissa, siikumbuki yote. Nakumbuka homa, na nzi. Nakumbuka tulisimama Habaswein na askari mmoja akashuka kwa sababu ya harufu yangu. Nilipofika hospitali funza walikuwa wameshaingia kwenye nyama.

Adeer yangu, mdogo wa baba, alikuwa na duka Garissa, akaja. Daktari alitueleza kwamba mguu umekufa siku kadhaa, na sumu inapanda. Ukikatwa chini ya goti leo, nitaishi. Tukingoja, atanikata pajani, na labda nife kabla hajanikata. Adeer alikuwa na Kiswahili cha dukani, kisicho na p. Alishika ukingo wa kitanda akasema, "Kata hiyo mguu, daktari. Bora kijana abone."

Kisha daktari akanigeukia. "Wewe hukuhisi ngozi inakubana? Ungesema siku ya kwanza, ilikuwa kazi ya kisu na dakika moja."

Adeer alikuwa ananitazama. Nikasema, "Sikuhisi kitu. Yule mama alifunga vibaya."

Nilikatwa. Nilipoamka nilitaka kukuna kisigino ambacho hakikuwepo. Wiki ya kwanza kigutu kilitoa usaha, na kubadilisha bendeji kulikuwa kama kuchunwa hai. Sasa nililia. Nililia ovyo, mchana, mbele ya wodi nzima, na hakuna aliyenidharau. Mzee wa kitanda cha jirani alinipa chungwa. Basi hicho, kulia mbele ya watu, ndicho nilichokuwa nakiogopa.

Nilijifunza magongo kwa miezi mitatu, nikiyaegemea kwa makwapa mpaka yakaota sugu. Baadaye nikapata mguu wa mti, nikapata kazi ya ukarani kwenye ofisi ya mifugo, nikaoa, nikazaa. Watu wetu humwita mtu kwa kilema chake bila kumwonea haya, kwa hiyo tangu siku hizo mimi ni Langare, yaani kiguru. Hata wajukuu zangu huniita hivyo. Maisha hayakuisha. Nyinyi mnaongoja kisu, kigutu kitapona, mtatembea, mtagombana na wake zenu kama kawaida.

Lakini nawaona mnavyofanya pale kwenye benchi. Muuguzi akiuliza kidole kinaendeleaje, mnavuta kanzu chini mnasema alhamdulillahi. Vueni kiatu. Kidonda kisichouma ndicho cha kuogopa. Kumshukuru Mungu hakukuzuii kusema unapoumia.

Sasa yaliyobaki. Niliporudi nyumbani na magongo, habari ilikuwa imenitangulia: Khadija amemkata kijana mguu. Watu waliacha kumpelekea wagonjwa wao. Siku moja akaja kwetu, ametembea siku nne katika nchi ile ya bunduki, akivuta ngamia jike wa maziwa. Wanaume wa ukoo walikuwa wamekaa na baba yangu. Alisimama mbele yao, akasema ngozi ilikuwa yake na mafundo yalikuwa yake, na huyu ngamia ndiye aliyebakiwa naye baada ya askari kuua wengine. Akaomba radhi.

Kisha akanigeukia mimi. Hakuwa na hasira. Akaniuliza, "Na wewe mwanangu, huna la kusema?"

Nilijua ananipa nafasi. Ilikuwa mara ya mwisho kuniuliza, na swali lilikuwa lile lile. Baba yangu alikuwa ananitazama, na wanaume wote.

Nikasema, "Nimekusamehe, eeddo."

Wanaume wakasifu moyo wangu. Yeye akaitikia kwa kichwa, akamkabidhi baba yangu kamba ya ngamia, akaanza safari ya kurudi. Maziwa ya ngamia yule ndiyo yaliyonirudishia mwili. Niliyanywa mwaka mzima.

Alikufa akiwa na jina la mwanamke aliyeharibu mguu wa mtu. Huyo ndiye aliyeninyoosha mfupa, na ndiye aliyepasua ngozi ile kabla sumu haijanimaliza. Mwenyezi Mungu amrehemu. Namshukuru leo, na naomba radhi yake, na hakuna wa kunijibu.